Mita 93 za lami: shajara ya njia ya gari nyumbani kwetu, Forest ya Zamani, Mbeya

Jumamosi, 1 Juni 2024

Nimepima leo asubuhi, mimi na tepu na mtoto wa jirani aliyenishikia ncha ya pili. Kutoka getini mpaka barazani ni mita 31, upana mita 3. Mita za mraba 93. Lami hii aliiweka marehemu Baba nikiwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni harufu yake, na kandambili zangu mpya zilizonasa pembeni nikachapwa kwa ajili hiyo.

Hali ilivyo: mashimo 5. Kubwa kuliko yote liko getini, pale boza la maji linapokanyaga breki, na kulizunguka lami imepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Kingo za pande zote mbili zimemeguka. Kwingine hapajatoboka, ila pamepauka, pamekuwa pa kijivu, na ukisugua kwa kiatu kokoto zinang'oka moja moja. Nimezungushia chaki sehemu zilizooza nikazipima kipande kwa kipande: jumla mita za mraba 11. Namba hizo mbili, 93 na 11, nimeziandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la kaunta buku, maana nahisi kila fundi atakuja na namba zake.

Chanzo cha yote: mwezi wa nne Mama alijikwaa kwenye shimo la getini akitoka kanisani, mguu ukavimba wiki mbili. Kundi la familia kwenye simu likawaka. Watoto watano tumechanga, imefika 2,500,000, na kazi nimepewa mimi kitinda mimba kwa hoja moja tu: "Wewe ndiye uko nyumbani." Kaka mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, anataka pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandaza chini. Ameshatuma picha nne.

Jumanne, 4 Juni

Fundi amekuja. Ni mzee wa Tukuyu aliyefanya kazi na makandarasi wa barabara miaka mingi, siku hizi anaziba viraka vya watu binafsi. Alimsalimia Mama "Mugonile" huku ameinama, wakaulizana habari za migomba nusu saa nzima kabla hajaitupia macho njia yenyewe.

Kisha akaomba sululu akachimba pale getini. Lami ya Baba ina unene wa milimita 25 hivi. Chini yake sentimita kumi za changarawe, na chini ya changarawe udongo wetu huu wa majivu ya volkano, ule uliomwagwa zamani na milima ya upande wa Ngozi na Rungwe. Ukikauka ni mwepesi kama unga, ukilowa unashika maji kama sponji. Mvua zimekatika tangu mwezi uliopita, lakini alipoukamua ule udongo mkononi, vidole vilitota.

"Mwanangu, hii lami unaionea bure," akasema. "Imekaa juu ya uji."

Akapanda mpaka juu ya njia, upande wa mlimani, akasimama kwenye kitalu cha maua ya Mama. Hapo ndipo ulipokuwa mtaro. Mama aliufukia miaka ile Baba alipostaafu, akapanda maua, na tangu hapo maji yote yanayoteremka kutoka juu yanapita chini ya lami yetu badala ya pembeni. Fundi hakumwambia Mama. Aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, halafu akaaga.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia Mama. Hajanijibu. Amekwenda kumwagilia maua.

Jumatatu, 10 Juni

Hesabu ya chini kwanza, kwa kuwa italipwa hata nikichagua lami ipi. Msingi wa zile mita 11: kifusi cha moramu tripu moja 110,000, kokoto kubwa za kugonga kwa mkono 130,000, vibarua wa kuchimba na kujaza 120,000. Jumla 360,000. Kokoto za kugonga kwa mkono hazilingani ukubwa, na kwa juu hazifai, lakini chini zinashikana vizuri tu na bei yake ni nafuu.

Mtaro: mawe lori moja 150,000, saruji mifuko 7 kwa 17,000 ni 119,000, mchanga 90,000, bomba la kupitisha maji chini ya geti 95,000, fundi mawe 140,000. Jumla 594,000.

Zote pamoja 954,000, na sijanunua hata tone la lami. Nimeituma kwenye kundi. Kimya cha saa tatu, kisha dada yetu wa Iringa akauliza kama haiwezekani "kuziba tu yale mashimo". Inawezekana. Yalizibwa mwaka 2021, na mabaki ya viraka hivyo ninayo ndani ya toroli.

Ninabakiwa na 1,546,000 ya lami.

Jumamosi, 15 Juni

Wiki nzima ya kuulizia bei, kutoka Mwanjelwa mpaka Mbalizi, nyingine kwa simu. Naandika kila kitu hapa kwa sababu niligundua jambo siku ya pili tu: kila mtu anauza kwa kipimo chake. Huyu kwa tani, yule kwa mfuko, mwingine kwa pipa, mwingine kwa "tripu", na bei inayosikika ndogo inaweza kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa hiyo nimebadilisha kila bei kuwa shilingi kwa mita ya mraba moja, ikiwa imeshalala chini na kushindiliwa.

Lami moto. Hii ndiyo ya barabara kuu: kokoto, vumbi la mawe na lami kama asilimia tano, vinapikwa kwenye mtambo kwenye nyuzi 150 na kitu, vinapakiwa vikiwa vinafuka moshi. Nimetajiwa 280,000 kwa tani, VAT ikiwemo. Kwa unene wa milimita 40, mita 93 zinahitaji mita za ujazo 3.72, na mita moja ya ujazo ikishindiliwa ina uzito wa tani 2.35 hivi, kwa hiyo tani 9 kasoro. Nikafurahi. Ndipo yule bwana wa mtambo akasema hawapakii chini ya tani 10. Haya: tani 10 ni 2,800,000. Lori 350,000. Rola siku moja 250,000. Lami ya kupaka kwanza ili safu mpya ishike ya zamani, madumu mawili, 60,000. Vibarua wanane 160,000, mafundi wawili 100,000. Jumla 3,720,000. Gawa kwa 93: shilingi 40,000 kamili kwa mita.

Na kuna jambo lingine ambalo fundi ameniambia, halimo kwenye bei. Lami moto ina saa. Ikishamwagwa, safu nyembamba hupoa kwa dakika chache, na ikipoa kabla ya rola kupita hairudi tena, inabaki na matundu ndani na maji yanaingia. Barabarani wanamimina kwa mashine. Sisi tungeisukuma kwa toroli kutoka getini, asubuhi ya Mbeya ya mwezi wa saba, meno yanagongana.

Nilipouliza kuhusu viraka peke yake, mita 11 kwa unene wa milimita 50, yaani tani 1.3, yule bwana alicheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama muuza ng'ombe aliyeombwa robo kilo.

Lami ya mifuko. Hii inakuja imeshachanganywa, mfuko wa kilo 25, unamwaga shimoni unashindilia basi. Nimetajiwa 32,000 kwa mfuko, imefikishwa Mbeya. Mfuko mmoja ukisikia bei yake si kitu. Lakini mfuko mmoja kwa unene wa milimita 50 haufiki hata robo ya mita ya mraba. Kwa mita 11 ni mifuko 46, tuseme 50 kwa vitakavyomwagika: 1,600,000. Kwa mita moja ni 145,000! Kwa tani ni 1,280,000, mara nne na nusu ya lami moto. Na ukishalipa hiyo, mita 82 zilizobaki bado zimepauka vilevile. Sisemi ni bidhaa mbaya. Mwenye shimo moja mbele ya duka lake anunue mifuko minne, aitie kabla ya chai, wateja waendelee kuingia. Mimi nina mashimo matano na njia iliyozeeka.

Lami ngumu ya pipa. Pipa moja 600,000, ndani kilo 180 hivi. Hii unaipasha moto kwa kuni, unachanganya na kokoto kwenye bati. Ukihesabu kilo ya lami tupu, hakuna inayoikaribia kwa unafuu: 3,333 kwa kilo. Nilianza kuiandika kwenye mstari wa juu kabisa wa orodha. Fundi akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu kutoka kiwiko mpaka kifundo. Pipa lilikuwa na maji kidogo chini, mvua iliingia usiku. Lami ikishapita nyuzi mia, yale maji yanageuka mvuke kwa mpigo, pipa zima linaumuka kama maziwa na kumwagikia kwenye moto. Na wapo wanaoongeza mafuta ya taa ilainike, moto ukiwa pale pale chini. Uwanjani kwetu kuna wajukuu wanne. Nimeifuta.

Lami ya maji, ambayo mafundi wanaiita imalsheni. Ni lami iliyosagwa ikawa vitone vidogo sana ndani ya maji yenye dawa ya kuizuia isigandane. Ni ya kahawia kama chai ya maziwa. Ukiimwaga, maji yanatengana na lami, inageuka nyeusi, na baada ya hapo ni lami kama lami. Haihitaji moto. Pipa la lita 200 ni 520,000, yaani 2,600 kwa lita. Hapa nikakwama kidogo, kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya pipa ni maji. Ndani ya pipa lililoandikwa 60 kuna lami asilimia 60, kilo 120 tu, kwa hiyo kilo ya lami tupu ni 4,333. Kwa ufupi nanunua maji kwa bei ya lami. Lakini nanunua pia kutokuwa na kovu.

Pevingi, kwa heshima ya Kaka: 26,000 kwa mita, vimeshalazwa, ni 2,418,000. Kung'oa lami ya zamani, kuibeba na kujenga kingo za zege, 400,000 zaidi. Ukiongeza mtaro ni 3,412,000. Havioni aibu mbele ya lami moto, nakiri, na saruji inatengenezwa hapa hapa Songwe. Ila hatuna hizo pesa. Zege la kumwaga nimelipigia hesabu nusu ukurasa nikaacha, Mama hataki. Anasema nyumba itafanana na stendi.

Jumapili, 16 Juni

Nilisahau moja. Jana jioni kijana mwenye kenta alisimama getini, kaona nimechora chaki, akaniuzia wazo: vifusi vya lami iliyokwanguliwa barabara kuu, inakopanuliwa njia nne. 150,000 tripu. Ni kitu kizuri, sikatai. Lami ya zamani iliyosagwa bado ina lami ndani yake, ukiitandaza juani na kuishindilia inashikana, na ukiinyunyizia imalsheni inashikana zaidi. Ingetufaa sana pembezoni.

Nikamwuliza ana karatasi gani ya kuonyesha kauziwa na nani. Akasema, "Dada, hiyo ni takataka tu." Kama ni takataka mbona inauzwa 150,000? Nimemwambia akija na karatasi nitanunua tripu mbili. Hajarudi.

Jumatano, 19 Juni

Fundi na mimi tumekaa mezani na kaunta buku. Mpango wetu: viraka vya mita 11 kwa kokoto tuliyochanganya wenyewe na imalsheni, kisha njia nzima ya mita 93 kupakwa imalsheni na kumwagiwa kokoto ndogo juu, iwe na ngozi mpya.

Viraka: kwa kila kilo 100 za kokoto na vumbi, lita 9. Tani 1.3 zinataka lita 110 hivi. Ngozi ya juu: lita moja na nusu kwa mita, lita 140. Kupaka kuta za mashimo, lita 5. Jumla lita 255. Pipa moja halitoshi, mawili yanabaki. Nilishaanza kupunguza huku na huku ili nibane kwenye pipa moja, fundi akaniwekea mkono juu ya kalamu.

Pipa la kuchanganyia si pipa la kumwagia. Sikujua. Kwenye pipa kunaandikwa herufi na namba. K1 inakata haraka: ikigusa jiwe tu inaachia maji na kushika, ndiyo nzuri ya kupaka na kumwagia kokoto juu. Ukijaribu kuichanganya na vumbi la mawe inagandana kwenye koleo kabla hujageuza mara tatu. K3 inakata polepole, inakupa nafasi ya kuchanganya, kubeba na kusawazisha. Kwa hiyo ni mapipa mawili, moja la kila aina, upende usipende. Muuzaji mmoja Jumanne alikuwa ameniapia kwamba imalsheni ni imalsheni. Mapipa yake yote mawili yalikuwa K1.

Hesabu: mapipa mawili 1,040,000, kokoto ndogo na vumbi kenta moja 220,000, kompakta (mashine ya kushindilia) siku mbili 140,000, vibarua wanne siku tatu 240,000, fundi siku tatu 150,000. Jumla 1,790,000. Jirani wa nyumba ya tatu ana mashimo yake, amekubali kuchukua lita 90 za K3 zitakazobaki kwa bei ile ile tuliyonunulia, 234,000. Inabaki 1,556,000. Kwa mita ni kama 16,700.

Kundi la familia limekubali, isipokuwa Kaka, ambaye ameandika "sawa" bila nukta.

Jumatatu, 24 Juni hadi Jumamosi, 6 Julai

Kazi ya chini. Mama mwenyewe alihamisha maua yake, siku mbili, bila kuniruhusu nimsaidie, akayapanga upande wa jikoni. Mtaro umejengwa kwa mawe, bomba limelala chini ya geti.

Msingi umechukua muda kuliko tulivyodhani. Tulichimba mpaka kina cha sentimita 20, na pale getini fundi aliendelea mpaka 30, akitafuta mahali udongo usipobonyea chini ya kisigino. Mashimo yamekatwa pembe nne, kuta wima, si duara. Kiraka cha duara chenye kingo nyembamba kama chapati ndicho kinachong'oka kwanza. Kokoto kubwa chini, moramu juu yake, maji kidogo, kushindilia, tena na tena, safu kwa safu.

Jambo dogo la fedha: kenta ya kokoto ndogo ilipofika nilipanda juu na tepu kabla haijamwaga. Bodi ni mita 3 kwa 1.8 kwa 0.5. Hiyo ni mita za ujazo 2.7, wakati nililipia 3. Dereva alisema wote wanauziwa hivyo. Nikamwambia mimi si wote. Alirudisha 20,000, ambazo nimewapa vibarua soda na maandazi, kwa hiyo hesabu haijabadilika.

Alhamisi, 11 Julai

Fundi ana msiba Tukuyu. Tunasubiri. Hakuna la kuandika, ila baridi.

Ijumaa, 26 Julai

Viraka vimekamilika, jana na leo. Tulichanganya kwenye bati la zamani la paa. Kokoto tulizilowesha kidogo kwanza, jambo ambalo lilinishangaza, kumbe imalsheni inatembea vizuri juu ya jiwe lenye unyevu kuliko jiwe kavu lenye vumbi. Kuta za mashimo zilipakwa kwa brashi. Tukajaza safu mbili za milimita 25 badala ya moja ya 50, ili maji ya ndani yapate pa kutokea. Safu ya kwanza tuliiacha mpaka ikawa nyeusi kabisa, ndipo ya pili.

Viraka vimesimama juu ya lami ya zamani kama milimita tatu. Fundi kaacha makusudi, magari yatavikandamiza. Sasa vinakaa wiki moja.

Jumamosi, 3 Agosti

Leo nimeharibu, nimeandika wazi ili kesho nisijitetee.

Fundi alisema tuanze saa tano, jua likiwa limepanda na lami ya zamani imepata joto. Mimi nilijua Kaka anafika jioni kwa ajili ya Nanenane pale Uyole, na nilitaka aikute njia imekwisha, nyeusi, imenyooka, asahau pevingi zake. Nikasukuma tukaanza saa mbili na nusu. Mzee alinitazama, akasema "haya", akawasha sigara.

Sehemu ya juani ilienda vizuri. Tulifagia mara mbili, tukamwaga K1 kwa ndoo yenye matundu, tukaisambaza kwa fagio pana, kokoto zikafuata nyuma yake kwa koleo, na mwisho pikapu ya jirani ikapita polepole mara kumi badala ya rola. Lakini chini ya mparachichi, mita za mraba 20 hivi ambazo jua haligusi mpaka mchana, imalsheni ilibaki kahawia. Saa sita kahawia. Saa tisa kahawia. Chini lami ilikuwa baridi kama sakafu ya kanisa, maji hayakuwa na haraka ya kuondoka. Na kosa la pili: zile kokoto za mwisho wa lundo, ambazo ndizo zilizoangukia hapo, zilijaa vumbi. Lami ilishika vumbi, haikushika jiwe.

Tuliweka kamba. Saa kumi na mbili Kaka alifika, mtoto wa jirani akamfungulia geti na kuitoa kamba kwa adabu zote. Gari likapita chini ya mparachichi, likabeba kokoto zangu kwenye matairi manne, likaenda kuzibandika barazani kwa Mama. Mistari miwili myeusi juu ya sakafu aliyoipiga deki asubuhi.

Kaka alishuka, akatazama nyuma, akasema, "Pevingi hazifanyi hivi."

Jumapili, 4 Agosti

Mafuta ya taa na matambara, barazani, mimi na Kaka, tumepiga magoti. Mistari imetoka karibu yote.

Jumanne, 13 Agosti

Marekebisho. Kokoto safari hii tumezisafisha kwa maji na kuzianika siku mbili. Tumekwangua sehemu iliyoharibika, tukasubiri mpaka saa saba mchana, tukamwaga. Lita 30. Kutoka pipa la K1 zilikuwa zimebaki 55, kwa hiyo lile pipa nililolilalamikia kuwa kubwa mno ndilo lililotuokoa. Kabla ya kumimina fundi alilivingirisha pipa uwanjani kwenda na kurudi, maana imalsheni ikikaa lami yake hushuka chini, na anayechota juu anapata maji. Saa nane na nusu pote pamekuwa peusi.

Gharama: fundi 50,000, vibarua wawili 40,000. Hizi 90,000 amelipa Kaka kabla hajapanda gari kurudi, bila kuombwa. Alizitoa akaziweka juu ya kaunta buku na kusema ziandikwe kama "faini ya getini". Nimeandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumefagia kokoto zilizobaki huru, kama debe moja na nusu. Hilo ni la kawaida, hasa wiki za mwanzo. Mwenye lami ya namna hii aendeshe polepole mwezi wa kwanza na asikate kona gari likiwa limesimama. Boza la maji nimeliomba libaki nje ya geti na kutumia mpira mrefu.

Hesabu iliyofungwa: chini 954,000, juu 1,556,000. Jumla 2,510,000. Nimezidisha 10,000, nimelipa mwenyewe. Kwa lami moto, na msingi ule ule, ingekuwa 4,674,000. Ingekuwa nene zaidi na laini zaidi, na watoto wangeweza kuendesha baiskeli bila kuchubuka magoti. Hii yetu inakwaruza. Kama familia ingekuwa na pesa hizo, na majirani wawili wangejiunga nasi tukagawana lori, ningeichagua. Nilimwuliza jirani wa nyumba ya tatu kuhusu mwakani. Anafikiri.

Madumu ya K1, lita 25, yako stoo, juu ya mbao, mbali na baridi ya sakafu.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Ilianza saa mbili usiku, ikapiga saa nzima. Nilitoka na mwavuli na tochi. Mama alitoka nyuma yangu na khanga kichwani, nikamwambia arudi, hakurudi.

Mtaro ulijaa nusu. Maji yalikuja mekundu kutoka juu, yakageuka kushoto pale maua yalipokuwa, yakateremka kwa kelele mpaka kwenye bomba, yakatokea upande wa pili wa geti. Njia yenyewe ilikuwa inang'aa tu. Chini ya mparachichi nimekuta kidimbwi kimoja, upana wa sahani ya wali, pale safu ya zamani na ya marekebisho zinapokutana. Nimekizungushia chaki, ikafutika. Nimeweka jiwe.

Asubuhi nimempigia fundi. Amesema jua likitoka siku tatu mfululizo atakuja, nitikise madumu kabla hajafika.